Herufi Nne

Nyuma ya daftari langu la utafiti kuna orodha ambayo haihusiani na tasnifu yangu, au ndivyo nilivyodhani nilipoianza. Ni maneno ya Kiingereza yenye herufi nne zinazofuatana: c, a, m, p. Camp. Campus. Campaign. Encamp. Decamp. Scamp. Hippocampus.

Nilikuwa nasoma majalada ya enzi za Waingereza kuhusu vibarua waliotoka Kasulu na Kibondo kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Neno camp lilijirudia karibu kila ukurasa. Jioni moja lilinichosha, nikafungua kamusi ili nijue lilikotoka. Kamusi ikanipeleka kwenye neno la pili, la pili likanipeleka kwenye la tatu, na usiku ule sikusoma jalada tena.

Lakini nikiwa mkweli, orodha hii haikuanzia Dar es Salaam. Ilianzia kwenye shamba la mama yangu, mwaka 2012, na maneno mawili ya kwanza hayakuandikwa kwa kalamu.

*

Nilikulia katika kijiji kimoja cha Kasulu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kambi ya Mtabila. Kambi hiyo ilikuwa mojawapo ya zile zilizofunguliwa baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993 na maelfu ya watu kuvuka mpaka. Kasulu ilikuwa na Mtabila na Muyovosi. Kibondo ilikuwa na Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago na Mkugwa. Mwaka 1996, vita vilipowaka mashariki mwa Kongo, ikaongezeka Nyarugusu. Mtoto wa umri wangu hakuwahi kuiona Kasulu isiyo na kambi. Kwetu kambi ilikuwa kama mto au mlima, kitu unachokielekeza kwa kidole.

Wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Sisi tulikuwa nje ya kilomita hizo, na kila msimu wa kulima walikuja. Mama alikuwa na mama mmoja wa Kirundi aliyemlimia maharage kwa kibarua, na mama huyo alikuja na mwanawe wa kiume, rika langu. Yeye aliongea Kirundi chake, mimi Kiha changu, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Alikuwa amesoma Kifaransa kidogo kabla shule za kambini hazijafungwa. Mimi nilikuwa darasa la saba, nimejaa Kiingereza cha kukariri, na tulishindana.

Siku moja aliandika chini kwa kijiti maneno mawili: camp na champ. Akaniambia, hili la kwanza ni kambi, hili la pili ni shamba. Nikamwambia ananidanganya, haiwezekani vitu viwili tofauti hivyo vipishane kwa herufi moja. Akaniapia. Akayatamka yote mawili kwa sauti ya puani, tukacheka mpaka mama zetu wakatugombeza.

Mwishoni mwa mwaka ule Mtabila ilifungwa. Ilikuwa imetangazwa kwamba wengi wa waliokuwamo hawana tena hadhi ya ukimbizi, na ndani ya wiki chache zaidi ya watu 30,000 walipakiwa kwenye malori na mabasi na kurudishwa Burundi. Mama yule alikuja nyumbani mara ya mwisho bila mwanawe. Alileta jembe na turubai, akauza vyote viwili. Mama yangu hakubishana juu ya bei kwa sababu hapakuwa na la kubishana. Kila mtu kijijini alijua kwamba anayeondoka kesho atapokea chochote anachopewa leo.

*

Sasa kamusi. Chanzo cha herufi zile nne ni neno la Kilatini, campus, na maana yake ni uwanda, ardhi tambarare, shamba. Roma ya kale ilikuwa na uwanda uliojulikana kuliko zote, Campus Martius, yaani Uwanda wa Mars, mungu wao wa vita. Huko ndiko vijana walikofanyia mazoezi ya kijeshi. Kwa hiyo neno la shamba likaanza kunuka jasho la askari. Likazaa maneno ya mahali jeshi linapolala, na ndiyo camp. Likazaa campaign, kwa sababu jeshi la zamani lilisubiri majira mazuri kisha likatoka kwenda uwandani kupigana. Baadaye wanasiasa wakaliazima, na sisi tukaliazima kwao: kampeni. Likazaa champion, mtu anayesimama uwanjani kupigana kwa niaba ya wengine. Wajerumani, waliotutawala kabla ya Waingereza, walilifanya Kampf, mapambano.

Katika karne ya 18, huko Marekani, watu wa chuo cha Princeton walianza kuuita uwanja wa chuo chao campus, na kwa njia hiyo neno likapata vitabu. Sisi tukasema kampasi. Na kambi yetu, ambayo wengi wanaifuatilia hadi camp ya Kiingereza, ikaendelea na safari yake: Warundi wanasema inkambi.

Rafiki yangu hakunidanganya, basi. Champ na camp za Kifaransa ni watoto wa tumbo moja. Shamba alilokuwa akililima na kambi aliyokuwa akilala vilikuwa neno moja lililogawanyika, na alikuwa ameliona hilo kwa macho tu, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, bila kamusi.

Decamp ni kung'oa kambi na kuondoka, mara nyingi kwa siri. Scamp, ambalo leo Waingereza humwitia mtoto mtundu, inaelekea linatokana na kitenzi cha kutoroka, kuuacha uwanda. Nililiandika neno hilo nikamkumbuka kila mkimbizi aliyekamatwa nje ya kilomita nne akiwa na jembe begani.

Hapa nataka kumwonya msomaji kama nilivyolazimika kujionya mwenyewe. Si kila kinachofanana ni ndugu. Chukua kampuni. Kwa Kiswahili inaanza kama kampeni na kampasi, na ungeapa kwamba ni ukoo mmoja. Sivyo. Kampuni inatokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya pamoja na mkate: watu wanaokula mkate mmoja. Herufi zimekutana njiani tu.

*

Nikiwa na neno hilo kichwani nilirudi kwenye majalada, nikaanza kuisoma historia ya Buha upya.

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Kibondo na Kasulu kutoka kwenye mapori yenye mbung'o na kuwakusanya katika makazi mapya, ili kupambana na malale. Kwa Kiingereza cha maofisa, makazi hayo yaliitwa concentrations. Neno hilo lilikuwa tayari limechafuka. Waingereza haohao, katika vita vya Makaburu vya mwaka 1899 hadi 1902 huko Afrika Kusini, walikuwa wamewafungia raia katika makambi yaliyobeba jina hilo. Makazi ya Buha hayakuwa magereza, na malale yalikuwa ugonjwa wa kweli uliokuwa ukiua watu. Lakini nyuma ya yote mawili kulikuwa na wazo moja: watu waliotawanyika ni tatizo, na dawa yake ni kuwakusanya mahali pamoja ili waweze kuhesabiwa.

Kisha mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika la kuandikisha vibarua, likajulikana kwa ufupisho wa SILABU, na Buha ikawa mojawapo ya visima vyake vikubwa. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914. Wanaume wa Kasulu na Kibondo waliandikishwa, wakapimwa, wakapewa namba, wakapandishwa treni. Kutokana na namba hizo ndipo tulipopata neno manamba. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao katika miaka ya 1950. Alikuwa akituambia kwamba safari nzima ilikuwa ya kutoka kambi hadi kambi: kambi ya kuandikishwa, kambi za kulala njiani, kambi ya shambani. Huko Tanga kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na siku ambayo hukumaliza kiwango chako haikuandikwa. Babu hakusema kamwe alifanya kazi mkonge. Alisema, "Nilikuwa kambini."

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Operesheni Kigoma, na familia nyingi zikahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Operesheni nalo ni neno la kijeshi lililokuja kufanya kazi za kiraia. Kwa hiyo wakimbizi wa 1993 walipofika, waliwakuta watu ambao kwa vizazi vitatu walikuwa wamekusanywa, wamehamishwa, wamehesabiwa na kupewa namba. Hatukuwa wenyeji tuliokaa tukiwatazama wageni waliofukuzwa. Tulikuwa tunaijua kambi kutoka ndani. Tulisahau haraka tu.

*

Mwaka 2019 nilimaliza kidato cha sita, nikapangiwa mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria. Mafunzo hayo yalisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013. Nilipoliona jina la kikosi nilipopangiwa nililisoma mara mbili: Mtabila.

Kambi ya wakimbizi ilikuwa imekuwa kambi ya jeshi. Tuliamshwa usiku kwa mchakamchaka, tukapigwa kwata kwenye ardhi ambayo miaka saba kabla ilikuwa na nyumba za udongo. Wenzangu waliotoka Mwanza na Iringa hawakujua hilo, na wengi hawakujali, kwa sababu kuruta hana nafasi ya kujali chochote isipokuwa usingizi. Siku moja tukiwa tunafyeka, panga langu liligonga msingi wa nyumba. Udongo uliochomwa na jua, pembe nne, na jiwe la jiko katikati. Nilisimama. Afande akaniuliza kama nimeona nyoka. Nikasema, "Hapana, afande," nikaendelea kufyeka.

Tuligawanywa katika kombania. Neno hilo ni pacha wa kampuni: watu wa mkate mmoja. Na kweli tulikula pamoja, ugali na maharage kila siku, chakula kilekile ambacho rafiki yangu aliniambia walikuwa wakigawiwa hapohapo.

Sikujua wakati ule habari za Campus Martius. Nilipozisoma miaka ya baadaye, niliuona mzunguko mzima: uwanda uliokuwa shamba, ukawa kambi ya waliokimbia vita, ukawa uwanja wa kufundishia askari. Neno lilikuwa limerudi nyumbani kwake huko Kasulu, na mimi nilikuwa nimesimama juu yake na panga.

*

Mwaka uleule nilifika chuo kikuu. Wiki ya kwanza bwenini, mmoja wa wenzangu wa chumba aliniuliza natoka wapi. Nikasema Kigoma, Kasulu. Akacheka akauliza, "Wa kambi gani wewe?"

Ulikuwa utani, na kila aliyetoka kwetu ameshausikia. Ningeweza kucheka. Ningeweza kumweleza kwamba Waha na Warundi wanaelewana bila kufundishana, kwamba mpaka uliotutenganisha ulichorwa na Orts wa Ubelgiji na Milner wa Uingereza mwaka 1919 bila kumuuliza mtu yeyote, kwamba Wabelgiji waliitawala hata Kigoma yenyewe hadi 1921, na kwamba kidogo tu nasi tungekuwa upande wa pili. Sikusema lolote kati ya hayo. Nilisema, "Mimi si mkimbizi. Wale walisharudishwa kwao."

Niliyasema haraka, kama mtu anayetoa kitambulisho. Hakuna aliyeshtuka. Mazungumzo yakahamia kwenye mpira. Mimi nilibaki na neno "wale" mdomoni, na sijalimeza hadi leo.

Baadaye nilihitaji kitambulisho cha kweli. Katika ofisi moja waliniuliza maswali ambayo rafiki zangu wa mikoa mingine hawakuulizwa: babu alizaliwa wapi, bibi alizaliwa wapi, nani anaweza kuthibitisha. Nilipiga simu nyumbani, na shangazi akatuma kwa basi karatasi moja iliyokuwa imetunzwa ndani ya bati la biskuti tangu babu afariki: karatasi ya mkataba wake wa mkonge. Niliipeleka kwa fahari. Hapa kulikuwa na ushahidi kwamba babu alikuwa mtu wa Tanganyika akiwa bado kijana, kabla ya uhuru, kabla ya mkimbizi wa kwanza.

Afisa aliikunjua, akaipitia kwa kidole, akasimama kwenye neno moja lililopigwa chapa. Akaligeuza upande wangu.

"Si unaona," alisema. "Camp."

Sikukasirika. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nilimweleza kambi ile ilikuwa ya nini. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia nilete barua ya mtendaji wa kijiji. Nilileta, na mambo yakaisha vizuri. Lakini nilitoka nje nikiwa nimefahamu jambo ambalo somo la mbinu za utafiti lilikuwa halijanifundisha. Herufi nne zile zile zilikuwa zimemfanya babu kuwa namba, zikamfanya rafiki yangu kuwa mkimbizi, zikanifanya mimi kuwa kuruta na kisha mwanachuo, na sasa zilikuwa zikisomwa kama kesi dhidi yangu. Zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa akizisoma.

Kama mwanahistoria nimejifunza kutoka hapo sheria moja ndogo. Kufanana kwa herufi si ushahidi wa undugu, muulize kampuni. Na kutofanana si ushahidi wa ugeni. Muulize shamba la Kifaransa na kambi yake. Lazima ufuate njia yote, jalada kwa jalada, na ukubali kwamba njia inaweza kukupeleka kwa mtu uliyemkana.

*

Neno la mwisho kwenye orodha ni hippocampus. Ni sehemu ya ubongo, ndani kabisa, yenye umbo lililojipinda, na ndiyo inayotusaidia kutengeneza kumbukumbu mpya. Nililiongeza kwa furaha, nikidhani nimepata hitimisho zuri: kwamba ndani ya kichwa cha kila mtu kuna kambi, na kumbukumbu inaishi humo.

Kamusi ikaninyang'anya. Neno hilo si la ukoo huu. Ni la Kigiriki: hippos ni farasi, kampos ni dude la baharini. Wataalamu wa mwili wa karne ya 16 waliona sehemu hiyo inafanana na farasi wa baharini, yule samaki mdogo mwenye kichwa cha farasi, wakaipa jina lake. Herufi zimekutana njiani tu, kama kampuni.

Nililiacha kwenye orodha hata hivyo, nikaliwekea alama ya kuuliza.

Mwaka 2015, Burundi ilipochafuka tena baada ya Nkurunziza kutaka muhula wa tatu, watu walivuka mpaka upya. Nyarugusu ikajaa, ikapita watu 150,000. Nduta ikafunguliwa tena, kisha Mtendeli, ambayo nayo ilifungwa mwaka 2021. Rafiki yangu angekuwa na miaka kumi na sita wakati huo. Huenda alirudi, huenda alibaki kwao akilima shamba lake. Sina jina lake kamili. Nikiwa mtoto sikuona haja ya kuuliza jina la pili la mtu tuliyekuwa tukionana kila msimu.

Likizo iliyopita nilimuuliza mama alilipa kiasi gani kwa jembe lile na turubai. Alikuwa anaanua mahindi. Turubai lilishachakaa zamani, ila jembe bado lipo, limetiwa mpini mpya mara mbili. Alitaja bei, nami sitaiandika hapa kwa sababu ananisoma.

Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Aliniomba nimtunzie. Mimi ndiye niliyesema ninunue."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nilijua hatarudi," alisema, akainama kuendelea na mahindi yake.

Tasnifu yangu inahusu mkonge na miaka ya 1944 hadi 1961. Msimamizi wangu ameniambia nisitoke nje ya miaka hiyo, na ana haki. Kwa hiyo haya nimeyaandika hapa, nje ya kilomita zangu nne.